Uhamisho wa Kambi Usiwe wa Vimemo

Kila mwaka, vijana wa kidato cha sita wakisha kumaliza mitihani yao ya mwezi Mei, Jeshi la Kujenga Taifa hutangaza majina ya wale wanaoitwa kwenda kuhudhuria mafunzo kwa mujibu wa sheria, na kambi ambako kila mmoja wao atakwenda kuripoti. Tangazo hilo likifika katika wilaya ya mbali kama Ngara, huzaa mambo mawili kwa siku hiyo hiyo. La kwanza ni fahari ya wazazi kuona kuwa mtoto wao amehesabiwa miongoni mwa vijana wa taifa. La pili ni safari ya baba, au mjomba, kwenda kumtafuta mtu anayemjua mtu aliyeko Dodoma au Dar es Salaam, ili jina la kijana litolewe katika kambi aliyopangiwa likawekwe katika kambi nyingine inayopendeza zaidi.

Jambo hili la pili si la Ngara peke yake. Liko Moshi, liko Mbeya, na huko Dar es Salaam liko zaidi, kwa maana wenye kujuana ndiko walikojaa. Lakini yafaa litazamwe kutoka Ngara, kwa sababu Ngara imelijua kwa pande zote mbili. Ni wilaya ambayo vijana wake hupelekwa mbali, na ni wilaya ambayo vijana wa watu wengine wakipelekwa hutafuta upesi njia ya kuondoka.

Sababu zinazotolewa na wanaoomba kuhamishwa zinafahamika. Huyu husema kambi ni ya mbali mno. Yule husema nchi hiyo ina joto kali naye amezoea baridi ya milimani. Mwingine ameambiwa kuwa chakula cha huko ni kibaya, na mwingine hakuambiwa lolote ila anaogopa tu. Wapo pia wenye maradhi ya kweli, wenye mzazi mgonjwa kitandani asiye na mtu mwingine wa kumwuguza, na wasiokuwa na nauli. Kuwaweka watu wote hawa katika kapu moja, ama kwa kuwakubalia wote ama kwa kuwakatalia wote, ni uvivu wa kufikiri. Kazi ya uongozi ni kupambanua haja na kisingizio.

Ili kupambanua hivyo hapana budi kwanza kukumbuka kambi hizi ziliwekwa kwa ajili gani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, wakati Tanganyika haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, na kambi yake ya kwanza ilikuwa Mgulani, Dar es Salaam. Mwaka 1964 likapewa sheria yake. Vijana wa kwanza walikuwa wa kujitolea, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima. Wasomi hawakuwamo, na walipotakiwa waingie hawakupendezwa. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine waliandamana mjini Dar es Salaam kupinga masharti ya kutumikia taifa kwa miaka miwili, ambayo sehemu kubwa yake wangefanya kazi zao za kawaida na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 1967 wasomi wakaanza kwenda kambini kama vijana wengine wote.

Jambo moja katika kisa hicho lafaa kukumbukwa hapa. Mwalimu hakuwaambia wanafunzi wale kwamba shida haiko. Alikiri kuwa mishahara ya wakubwa, pamoja na wake, ilikuwa mikubwa mno katika nchi maskini, na akaanza kukata kwake. Kiongozi anayemtaka kijana wa mkulima avumilie kambi ya mbali, huku mtoto wake mwenyewe amemhamishia kambi iliyo jirani na nyumbani, amekiacha kisa hicho kilipoishia maandamano na hakukisoma hadi mwisho.

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kijana wa kidato cha sita hakuweza kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza awe amefanya kazi kwa miaka miwili, na mwaka wake wa JKT ulikuwa ndani ya mpango huo. Mtu wa Ngara aliyepita njia hiyo alikuwa kwa kawaida amekwisha kuondoka kwao zamani, kwani shule za sekondari zilikuwa chache na wanafunzi walitawanywa mikoa yote. Watoto wa Rulenge na Murusagamba walisoma na watoto wa Pwani na wa Kusini kabla hawajaota ndevu. Kwa hiyo kambi haikuwa ndiyo safari yao ya kwanza.

Hali ya leo ni tofauti, na tofauti hii haizungumzwi vya kutosha. Mafunzo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994 kwa sababu ya uhaba wa fedha, yakarejeshwa Machi 2013, na mwaka huo hata baadhi ya wabunge vijana walivaa sare na kukimbia mchakamchaka. Katikati ya miaka hiyo nchi ilijenga shule za sekondari za kata. Hili ni jambo jema, na hakuna mzazi wa Ngara atakayetaka lirudishwe nyuma. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anaweza sasa kuanza darasa la kwanza hadi kidato cha nne bila kuvuka mpaka wa wilaya yake, na akabahatika kumaliza hata kidato cha sita bila kulala usiku mmoja nje ya Kagera. Kijana huyo anapoitwa Nachingwea au Mlale, hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona nchi yake. Hofu yake haina ajabu. Wala si hoja ya kumbakiza nyumbani.

Kwa kijana wa Ngara kuna sababu nyingine ambayo wenzake wa mikoa ya kati hawanayo. Wilaya hiyo imepakana na Rwanda na Burundi. Kihangaza na Kishubi ni lugha ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba mtu wa Kabanga na mtu wa ng'ambo ya mpaka husikilizana bila mkalimani. Mipaka iliwekwa na wakoloni; Bugufi yenyewe iligombewa na Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza kabla ya kubaki upande wa Tanganyika. Kwa sababu hiyo mwananchi wa Ngara akiwa ugenini huweza kuulizwa uraia wake kwa sababu tu ya lafudhi yake. Mwaka 2013, mwaka ule ule mafunzo yaliporejeshwa, ilifanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Haja ya kulinda mipaka hakuna aliyeikana, lakini operesheni hiyo ilileta malalamiko ya wananchi waliosema wamehesabiwa kuwa wageni katika nchi waliyozaliwa.

Dawa ya jambo hilo haipatikani kwa kijana wa Ngara kujificha Ngara. Mtu anayemshuku Mhangaza kwa lafudhi yake ni mtu ambaye hakupata kulala naye bweni moja, kula naye sufuria moja na kubebana naye mgongoni katika mazoezi. Kijana wa Lindi aliyefanya kwata na kijana wa Bukiriro hatakuja kumwuliza baadaye, akiwa askari au karani wa uhamiaji, kama kweli yeye ni Mtanzania. Kambi ya mbali humpa kijana wa mpakani kitu ambacho hakuna hati inayoweza kukitoa, nacho ni mashahidi wa kila mkoa. Mzazi anayetumia jina la mkubwa fulani ili mwanawe asiende mbali humnyima mwanawe mashahidi hao, ingawa nia yake ni ya upendo.

Hayo yakisha kusemwa, haki ya wenye haja za kweli isifunikwe kwa maneno ya uzalendo. Jeshi lenyewe limekwisha kukubali kwamba si kila kijana aweza kwenda kambi yoyote. Katika matangazo yake limewaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, mkoani Pwani, kwa sababu kambi hiyo ina mahitaji yanayowafaa. Huo ni uhamisho, na hakuna aliyeomba kwa mlango wa nyuma. Umewekwa hadharani, kwa sababu inayojulikana, kwa kila anayehusika bila kuulizwa baba yake ni nani. Mfano huo ungefuatwa kwa haja nyingine maneno yangekuwa machache sana.

Kuna wagonjwa ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Kijana mwenye siko seli, mwenye pumu au mwenye kifafa anaonekana mzima siku anaposhuka kwenye basi. Huyo asitegemee huruma ya afande atakayemkuta langoni. Ngara ina hospitali za kuaminika, Murgwanza na Rulenge, ambazo zimewatibu wananchi wa wilaya hiyo kwa miaka mingi. Biharamulo nayo inayo hospitali yake. Karatasi ya daktari yenye muhuri, iliyopatikana kabla ya safari na kupelekwa kwa wanaohusika kabla ya safari, ina nguvu kuliko simu kumi za wajomba. Ubaya ni kwamba wazazi wengi huona aibu kuyataja maradhi ya mtoto, wakataja umbali. Wanakataliwa kwa umbali, na kijana anaanguka uwanjani.

Mzazi wa binti naye asikilizwe. Anapouliza nani atamlinda mwanawe kilomita 1,000 kutoka nyumbani hana kasumba yoyote. Anauliza swali ambalo hata mkuu wa kambi angeliuliza kama binti angekuwa wake. Jibu analostahili si kuambiwa kwamba jeshini hakuna mambo hayo. Aambiwe mabweni ya wasichana yako wapi, kiongozi wao wa kike ni nani, na binti akionewa apige hodi mlango upi. Mzazi aliyejibiwa hivyo hatafuti kimemo.

Ama kuhusu nauli, hapa ndipo palipo kiini cha malalamiko mengi ya kweli, na hapa ndipo wakubwa wanapopita kwa haraka. Kijana anatakiwa aje na bukta ya buluu iliyokoza yenye lastiki, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za buluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kama amepangiwa mkoa wa baridi, vyeti vyake vyote, na nauli ya kwenda na kurudi. Mtu wa mshahara akiisoma orodha hiyo huiona fupi. Mkulima wa Keza au Ntobeye, mwenye migomba na kahawa kidogo, huihesabu kwa debe za maharage. Kama mtoto amepangiwa Kanembwa, mkoani Kigoma, mambo si mabaya; atashuka hadi Lusahunga na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kisha ashike barabara ya Kakonko. Kama amepangiwa Nachingwea atalazimika kuikata nchi nzima kutoka pembe ya kaskazini magharibi hadi pembe ya kusini mashariki, kwa mabasi mawili au matatu na siku kadhaa za njiani, na baada ya miezi mitatu airudie njia hiyo hiyo. Kutoka Ngara mpaka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200.

Mzazi huyo anapoomba mtoto wake apelekwe Kanembwa badala ya Nachingwea, hakatai taifa. Anasema kwamba hana fedha. Na mtu aliyesema hana fedha hajibiwi kwa hotuba juu ya umoja. Lakini pia hajibiwi kwa kubadilishiwa kambi, maana hapo nchi itakuwa imeamua kwamba watoto wa maskini wakae karibu na kwao na watoto wa wenye nacho waione Tanzania. Jibu lake ni nauli. Zamani mwanafunzi wa sekondari aliyepangiwa shule ya mkoa mwingine alisafiri kwa waranti ya Serikali, akapanda gari moshi au basi bila baba yake kuuza ng'ombe. Nchi iliyokuwa maskini kuliko ilivyo leo iliweza kufanya hivyo. Kumwita kijana kwa nguvu ya sheria na kumwachia mzazi gharama ya kuitikia wito ni jambo ambalo wenye madaraka wanapaswa kulitazama upya, na halmashauri za wilaya za mipakani hazina haja ya kungoja Dodoma ndipo zikodi basi moja la pamoja la kuwafikisha vijana wao mahali penye usafiri wa uhakika.

Yapo yanayopasa kusemwa kuhusu njia ya kuomba. Mafunzo ya mujibu wa sheria kwa sasa ni ya miezi mitatu. Ombi la kuruta aliyekwisha kuingia kambini haliruki. Litapita kwa viongozi wake wa ngazi ya chini, kwenye kombania, kwa mkuu wa kikosi, na kutoka hapo Makao Makuu. Hata kama kila mezani lingekaa siku chache tu, jibu litamkuta mwombaji yuko karibu na gwaride la kufunga mafunzo. Kwa hiyo anayeanza kuomba uhamisho baada ya kunyolewa nywele anajisumbua na kuwasumbua wengine, isipokuwa kama ameugua, na mgonjwa huhudumiwa kwanza, barua baadaye. Wakati wa kuomba ni siku zile chache kati ya tangazo na kuripoti.

Kwa vijana wa kujitolea mambo ni mengine. Hao hutumikia kwa mkataba wa miaka miwili, na katika miaka miwili baba anaweza kufa, mama anaweza kuachwa peke yake na wadogo, kijana mwenyewe anaweza kupata maradhi yasiyopatana na mahali alipo. Hapo ombi la kuhamia mkoa mwingine lina uzito wake nalo lapasa lisikilizwe kwa makini. Hata hivyo kijana wa kujitolea akumbuke kwamba alijaza fomu kwa hiari, akijua kwamba Jeshi halikumwahidi ajira wala kituo. Wapo wanaoomba kuhamia kambi fulani kwa sababu wamesikia kuwa huko ndiko wanakopita wanaoandikisha watu katika majeshi. Huo ni uvumi, na uhamisho haujengwi juu ya uvumi.

Sasa vimemo. Mtu anaweza kusema kuwa kumhamisha kijana mmoja hakumdhuru mtu. Si kweli. Kila kambi ina idadi yake ya vitanda, ya sare na ya wakufunzi. Mtoto wa mkubwa akitolewa Milundikwa akaingizwa Ruvu, kuna mtoto wa mtu asiyejulikana ambaye lazima atoke Ruvu aende Milundikwa, au vijana wa Ruvu wabanane. Anayelipa ni yule ambaye baba yake hana namba ya simu ya mtu yeyote. Wala kijana aliyehamishwa hafichiki. Wenzake kambini humjua siku ile ile, na kuanzia hapo kila adhabu anayosamehewa na kila zamu anayokosa huhesabiwa kwa jina la baba yake. Mahali palipowekwa ili mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga mbuzi washike jembe moja panageuka kuwa mahali pa kufundishia kwamba majembe ni mawili.

Na somo hilo halisahauliki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana wa miaka 19 aliyegundua kwamba simu moja ya mjomba inaweza kuligeuza tangazo la taifa, atakuwa na miaka 25 siku moja. Atakuwa mwalimu, mganga au bwana shamba. Atapangiwa kituo. Na kituo hicho kinaweza kuwa Ngara.

Hapo ndipo wananchi wa Ngara wanapokutana na upande wa pili wa jambo hili. Mtumishi mpya hufika na begi moja, hulala nyumba ya wageni, huripoti kwa mkurugenzi, na kabla hajapewa ratiba ya vipindi amekwisha kuulizia utaratibu wa kuhama. Wengine hutafuta mtu wa kubadilishana naye vituo. Hilo ni halali. Lakini ni nani wa Mwanza atakayekubali kubadilishana na mtu wa Murusagamba? Siku hizi maombi ya watumishi hupitishwa katika mfumo wa kompyuta, na kompyuta ina sifa moja njema kwamba haina mjomba. Lakini wanaoibonyeza wanao. Mtoto wa darasa la tano katika kata ya mpakani hajui lolote juu ya mifumo. Anachojua ni kwamba mwalimu wa hesabu alikuja Januari na hakuonekana tena baada ya likizo.

Huambiwa kwamba Ngara ni mbali. Mbali na wapi? Aprili 1994, yalipotokea mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa kwa ghafula mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Mashirika ya misaada yakaja na magari yao na mishahara yao. Mwaka huo Ngara haikuwa mbali hata kidogo. Watu walitoka mikoa mingine kuja kutafuta kazi huko, na walimu na wauguzi wa wilaya wakaziacha kazi za Serikali wakaenda kwa mashirika yaliyolipa zaidi. Wakimbizi waliporudi makwao na mashirika yakafunga virago, umbali nao ukarudi. Hapana shaka kwamba nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Januari 2021, ikianza kuchimbwa sawasawa, watatokea tena watu wa kusema kuwa Ngara ni jirani tu, na kwamba hali yake ya hewa ni nzuri.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu watumishi peke yao. Mwalimu kijana anayepewa chumba kisichofunga, kilomita nyingi kutoka barabara ya lami, na ambaye fedha zake za kujikimu zinachelewa, amekuta kwamba mwajiri hakutimiza sehemu yake. Yapo mambo ambayo wilaya inaweza kuyafanya bila kungoja mgeni wa kitaifa. Kijiji kikimkuta mwalimu mpya na nyumba iliyopigwa chokaa, na mwenyekiti akampokea siku ya kwanza badala ya kumwona siku ya kugombana, kuna walimu watakaokaa. Wapo waliokaa. Ngara ina walimu wazee waliokuja kutoka mikoa ya mbali wakiwa na nia ya kuondoka baada ya mwaka, wakaoa hapo, wakajifunza Kihangaza, na wajukuu wao sasa ndio wanaoitwa kambini.

Nchi nyingine za Afrika zimelipitia jambo hili hili. Nigeria ilianzisha huduma yake ya vijana mwaka 1973, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ikaagiza kwamba kila mhitimu wa chuo kikuu atumikie mwaka mmoja katika jimbo lisilo lake. Ikaweka pia utaratibu wa kuomba kuhamia jimbo jingine kwa sababu zinazotajwa: ugonjwa, mke kumfuata mumewe, na usalama. Utaratibu huo umewasaidia wengi wenye haja. Umewafundisha wengine kutafuta vyeti vya ugonjwa wasiokuwa nao, na maombi mengi ni ya kwenda miji mikubwa kama Lagos na Abuja, si ya kutoka huko. Tanzania inaweza kujifunza mambo yote mawili: kwamba sababu za uhamisho ziandikwe na zijulikane, na kwamba cheti cha daktari kithibitishwe na daktari wa pili.

Ofisi zinazopokea maombi haya nazo zina deni. Barua ya mwananchi isiyojibiwa ndiyo mama wa kimemo. Mzazi huandika kwa adabu, akaambatanisha karatasi za hospitali, akapeleka kwa mkono ofisi ya wilaya, akangoja. Juma la kwanza anaambiwa faili limekwenda mkoani. Juma la pili anaambiwa mhusika yuko semina. Siku ya tatu kabla ya safari jirani anamnong'oneza kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo anataka chai. Mzazi aliyepinga rushwa maisha yake yote anajikuta akihesabu noti usiku, kwa sababu ya karani ambaye kuandika "ndiyo" au "hapana" kungemchukua dakika tano. Karani huyo ana hatia kubwa kuliko ya mzazi.

Basi tangazo linalofuata lingefaa kuja na mambo ambayo hadi sasa mzazi wa Ngara hulazimika kuyauliza sokoni: sababu zinazokubalika za kubadilishiwa kambi, karatasi zinazotakiwa, ofisi ya kuzipeleka, na siku ambayo jibu litakuwa limebandikwa ukutani, likiwa na majina ya waliokubaliwa na sababu ya jumla ya kila mmoja bila kufichua maradhi yake. Mkuu wa shule, ambaye amekaa na kijana kwa miaka miwili na anajua nani huzimia mchana na nani huzimia siku ya mtihani tu, aandike maoni yake. Maombi ya nauli yatengwe na maombi ya ugonjwa, yaende halmashauri. Mabasi ya vijana huanza kuondoka Ngara alfajiri, mwanzoni mwa Juni. Mambo yote hayo yanaweza kuwa yamekwisha Mei.